Chanjo iliwaruka, kipimo nacho kisiwaruke

Makamanda, leo tuweke pembeni kidogo mjadala wa tume ya uchaguzi, tufanye hesabu ya miaka. Kama wewe ni mwanamke na ulizaliwa mwaka 2003 au kabla ya hapo, kuna kinga dhidi ya saratani ambayo serikali ilianza kuitoa bure nchi nzima wakati wewe umeshapitwa na umri. Hakuna aliyekuandikia barua kukwambia. Hakuna aliyekuja mtaani kwenu kusema, "Nyie mmerukwa, ila mpango wenu ni huu hapa." Na kama wewe ni mwanaume, usifunge ukurasa. Dada yako, mchumba wako, mke wako na mama yako wamo kwenye hesabu hii, na wewe mwenyewe umo kwa njia nitakayoieleza huko mbele.

Nazungumzia saratani ya mlango wa kizazi. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,500 ndani ya mwaka mmoja. Gawa vifo hivyo kwa siku 365. Unapata wanawake 17 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Basi likipinduka pale Morogoro likaua watu 17, nchi nzima inajua kabla ya saa sita mchana, salamu za rambirambi zinatoka Ikulu, na waziri anakimbilia eneo la tukio. Hawa 17 wa kila siku hawana salamu wala waziri.

Sasa kinachoniuma zaidi ni hiki. Huu siyo ugonjwa wa kushtukiza. Ni saratani ambayo chanzo chake kinajulikana, kinga yake ipo, kipimo chake kipo, na ikikamatwa mapema tiba yake ni ya dakika chache. Kirusi kinachoileta hakiui usiku mmoja. Kinatoa notisi ya miaka 15, wakati mwingine 20. Serikali yoyote makini ikipewa notisi ya miaka 15, inatakiwa iwe imeshamfikia mwananchi wake angalau mara moja. Yetu bado. Hoja yangu leo ni hiyo tu: hawa wanawake hawauawi na kirusi peke yake, wanauawa na miaka inayopita bila mtu kuwapima.

Kirusi chenyewe ni hiki

Kirusi kinaitwa HPV. Siyo kimoja, ni ukoo mzima wenye aina zaidi ya 200. Nyingi hazina madhara makubwa, baadhi huleta sunzua za kawaida mikononi au sehemu za siri, na chache ndizo hatari. Mbili kati ya hizo hatari, namba 16 na namba 18, peke yake zinasababisha karibu asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani. Aliyefungua njia ya kulijua hili ni mwanasayansi wa Ujerumani, Harald zur Hausen, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008.

HPV inasambaa kwa kugusana ngozi kwa ngozi wakati wa kujamiiana. Ndiyo maana kondomu inapunguza hatari lakini haiiondoi yote, maana haifuniki ngozi yote. Na ni kirusi cha kawaida mno. Watu wengi walioanza kujamiiana, wanaume kwa wanawake, watakipata wakati fulani maishani, na wengi hawatajua kabisa, kwa sababu hakiumi, hakiwashi, hakileti homa.

Hapa naomba tuelewane vizuri, kwa sababu ndipo mdomo wa mtaa unapoua watu. Mtu anasikia "saratani inatokana na ngono," anaruka moja kwa moja kwenye umalaya. Hapana. Mwanamke aliyekuwa na mume mmoja tu maisha yake yote anaweza kuwa nacho, kwa sababu inatosha mume kukileta kutoka huko nyuma, hata kabla hawajajuana. Kuwa na HPV hakusemi lolote kuhusu tabia ya mtu. Aibu ndiyo inayowafanya mama zetu wafiche kutokwa damu mwaka mzima wakisingizia hedhi imevurugika, wanakuja kufika hospitali mambo yameshaharibika.

Habari njema ni kwamba kwa watu wengi, kama tisa kati ya kumi, kinga ya mwili inakimaliza kirusi chenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Tatizo ni wale wachache ambao kinga yao haikimalizi. Kwao kirusi kinang'ang'ania kwenye seli za mlango wa kizazi, kimyakimya. Kila seli ya mwili ina walinzi wake wa ndani, kazi yao ni kuizuia isizaliane ovyo na kuiua ikiharibika. HPV zile hatari hutengeneza protini mbili zinazowafunga mikono walinzi hao. Ni kama nchi ambayo CAG ananyamazishwa na TAKUKURU inapewa likizo: wizi hauonekani siku ile ile, ila mahesabu yanaanza kuoza ndani kwa ndani. Seli zinaanza kubadilika. Kwanza mabadiliko madogo ambayo mengi hurudi yenyewe, kisha makubwa, kisha ndipo saratani.

Safari hiyo, kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke anayeishi na VVU ambaye hajaanza dawa, inaweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu. Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke anayeishi na VVU ana hatari mara sita zaidi ya kupata saratani hii kuliko asiye na VVU. Kwa nchi yenye historia ya Ukimwi kama yetu, hiyo siyo takwimu ya kupita nayo haraka.

Nani alipata na nani alirukwa

Chanjo ya HPV iliidhinishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2006. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana wake nchi nzima mwaka 2011, na ikafikisha zaidi ya asilimia 90 ya walengwa. Sisi tulijaribu kwanza mkoa wa Kilimanjaro kuanzia 2014, kisha Aprili 2018 ndipo chanjo ikaanza nchi nzima, ikizinduliwa na Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais. Walengwa walikuwa wasichana wa miaka 14.

Tuhesabu pamoja. Msichana wa miaka 14 mwaka 2018 alizaliwa 2004. Kama tungeanza mwaka ule ule wa Rwanda, kwa umri ule ule wa miaka 14, wangeanza waliozaliwa 1997. Kwa hiyo waliozaliwa kati ya 1997 na 2003, yaani miaka saba ya wasichana wa Kitanzania, wamekosa chanjo ambayo wenzao ng'ambo ya mpaka walikuwa wanapewa shuleni. Leo hao ndio wanawake vijana wa taifa hili. Ndio wanaoongoza vikao vyetu vya kata, wanaobeba spika kwenye mikutano, wanaouza duka asubuhi na jioni wanaingia kwenye mijadala ya mtandaoni. Ndio wasomaji wa ukurasa huu.

Nitakuwa mkweli, kwa sababu sisi hatujengi chama kwa uongo: pale serikali ilipofanya vizuri, isemwe. Mwaka 2024 Tanzania ilihamia kwenye dozi moja badala ya mbili, na Aprili ya mwaka huo ikafanya kampeni kubwa ya kuwachanja wasichana wa miaka 9 hadi 14. Uamuzi huo ulikuwa sahihi na una sayansi nyuma yake, tena sehemu ya sayansi hiyo imetoka kwetu. Utafiti wa dozi moja ulifanyika Mwanza kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, na mwingine ulifanyika Kenya kwa wanawake vijana zaidi ya 2,000. Wasichana wa Kanda ya Ziwa walitoa mikono yao, dunia ikajifunza kwamba dozi moja inatosha kujenga kinga ya kudumu. Kwenye hilo tutembee kifua mbele.

Lakini dozi ya 2024 imemlinda aliyezaliwa 2009 hadi 2015. Haikurudi nyuma kumchukua dada yake mkubwa. Na chanjo hufanya kazi vizuri zaidi kabla mtu hajakutana na kirusi, kwa hiyo kwa kizazi kilichorukwa, chanjo siyo jibu kuu tena. Kwao jibu kuu ni kupimwa.

Maneno ya Chato bado yanatembea

Kabla sijafika kwenye kipimo, lazima niseme na wenzangu wa upinzani kwa sauti ya ndani ya nyumba.

Januari 2021, pale Chato, Rais wa wakati huo John Magufuli alisimama hadharani akaponda chanjo. Wengi tunakumbuka ilikuwa ni habari ya korona. Lakini ndani ya hotuba ile ile alitoa mfano wa nchi ambayo hakuitaja jina, akidai wasichana wa chini ya miaka 14 walichanjwa kwa kuambiwa ni saratani ya mlango wa kizazi, kumbe ilikuwa ni ya kuwafanya wasizae. Alisema hivyo akiwa mkuu wa nchi ambayo, kwa wakati huo, ilikuwa inachanja wasichana wake wa miaka 14 kwa chanjo hiyo hiyo. Mwalimu wa shule ya msingi huko Geita angemwambia nini mzazi siku ya pili yake? Nesi angejibu nini?

Hotuba hiyo haikufutwa na mtu. Serikali ilibadilika, sera ikabadilika, ila hakuna kiongozi aliyesimama mbele ya wazazi wale wale na kusema, "Lile lililosemwa halikuwa kweli, na sababu ni hizi." Wamepita kimyakimya kama kawaida yao. Matokeo yake uvumi ule mpaka leo unazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na inasikitisha kwamba wakati mwingine wanaousambaza ni watu wetu. Mtu anaona waziri wa CCM anahimiza chanjo, basi anaona kazi yake ni kupinga. Makamanda, huo siyo upinzani. Upinzani ni kuibana serikali itimize wajibu, siyo kumnyima mtoto wa jirani yako kinga kwa sababu umechukia aliyeizindua.

Kwa hiyo tujibu hoja kwa hoja. Chanjo ya HPV haina kirusi ndani yake, si hai wala mfu. Ina protini ya ganda la nje tu, ambayo inaufundisha mwili kulitambua ganda hilo na kulishambulia. Haiwezi kumpa mtu HPV, na haigusi mfuko wa uzazi. Uingereza walifuatilia wasichana waliochanjwa wakiwa na miaka 12 na 13. Utafiti uliotoka 2021 ulionyesha kwamba saratani ya mlango wa kizazi kwao imeshuka kwa asilimia 87 ukilinganisha na waliokuja kabla ya chanjo. Mabinti hao wamekua, wameolewa, wanazaa.

Kinachoondoa kizazi ni saratani yenyewe. Upasuaji wa saratani hii mara nyingi unatoa mfuko wa uzazi wote. Tiba ya mionzi kwenye nyonga inaharibu mayai ya mwanamke. Kama mzazi anaogopa binti yake asije akakosa mtoto, basi kitu cha kuogopa ni saratani, siyo sindano.

Kipimo ndiyo kesi yetu

Shirika la Afya Duniani lilizindua mkakati wa kuitokomeza saratani hii Novemba 2020, na Tanzania ni mwanachama. Malengo ni matatu ya kufikiwa ifikapo 2030: asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wapimwe kwa kipimo cha uhakika wakifika miaka 35 na tena wakifika 45, na asilimia 90 ya watakaokutwa na tatizo watibiwe. Angalia lengo la kati. Mara mbili tu. Hatuombi mwanamke apimwe kila mwezi. Tunaomba nchi imfikie mara mbili maishani.

Kipimo tulichokizoea hapa ni kile cha siki. Mhudumu anapaka siki laini kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kama dakika moja, sehemu zenye seli zilizobadilika zinageuka nyeupe. Ni kipimo rahisi, jibu lake ni hapo hapo, na kikimkuta mtu na mabadiliko ya awali anaweza kutibiwa siku ile ile kwa kugandisha sehemu hiyo kwa baridi au kuichoma kwa joto. Dakika chache, mtu anarudi nyumbani kupika. Hiyo ndiyo maana ya kuziba ufa.

Udhaifu wake ni kwamba kinategemea jicho la mhudumu. Amechoka, hajafundishwa vya kutosha, taa ni hafifu, anaweza akapitiwa. Ndiyo maana tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo kinachotafuta vinasaba vya HPV moja kwa moja. Hiki kina faida mbili kubwa. Kwanza, mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, chooni au nyuma ya pazia, kwa kijiti chenye pamba, bila mtu kumwangalia. Kwa wale wanaokwepa kupima kwa sababu ya aibu, hilo peke yake ni ukombozi. Pili, asiyekutwa na kirusi anaweza kukaa miaka mitano hadi kumi kabla ya kupima tena.

Sasa mtu wa serikali atakwambia: mashine hizo ghali, bajeti haitoshi. Mwambie hivi. Mashine za GeneXpert zimeshaingia kwenye hospitali zetu kwa ajili ya kupima kifua kikuu. Mashine ile ile, ukibadilisha katriji, inapima HPV. Kazi iliyobaki ni kununua katriji, kuwafundisha watu na kupanga ratiba ili sampuli za kifua kikuu zisikwame. Hilo siyo suala la miujiza, ni suala la kipaumbele. Na serikali ambayo haijawahi kukosa fedha ya mafuta ya mashangingi kwenye msafara wa Mwenge haiwezi kutuambia imekosa fedha ya katriji.

Kingine: fedha za nje siyo za kutegemea tena. Mwaka 2025 Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake, na baadaye ikatangaza kuacha kuichangia Gavi, taasisi inayosaidia nchi kama yetu kununua chanjo. Nchi iliyozoea kupigiwa hesabu na wafadhili lazima sasa ijipigie yenyewe. Viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja mwaka 2001 kwamba asilimia 15 ya bajeti ya taifa iende kwenye afya. Zaidi ya miaka 20 baadaye, sisi bado tuko mbali na hapo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Sawa. Tuulize basi: mwanamke wa miaka 35 kule Kibondo, asiyeumwa kitu, akienda kituo cha afya leo kutaka kupimwa HPV, anapata? Kama hapati, hiyo "kwa wote" inamhusu nani?

Gharama ya kutompima tunaijua. Wagonjwa wengi wa saratani hii hugundulika ikiwa hatua ya tatu au ya nne. Hapo siki haisaidii tena, inatakiwa mionzi. Na mionzi haipo kila mkoa. Kwa miaka mingi ilikuwa Ocean Road, Dar es Salaam, peke yake, kisha Bugando, Mwanza, ikaongezeka. Mama wa Kigoma anayekwenda Ocean Road anasafiri zaidi ya kilomita 1,000, na matibabu yanachukua wiki kadhaa. Nauli, chakula, pa kulala, na mtu wa kumsindikiza ambaye naye ameacha shamba. Familia inauza mbuzi, inauza kiwanja, na mara nyingi inaishia kusafirisha jeneza. Yote hayo kwa kitu ambacho kingemalizwa kwenye kituo cha afya cha kata miaka kumi nyuma.

"Kamanda, huu ndio muda wake kweli?"

Najua swali hili linakuja. Wenzetu wanakamatwa, mikutano inazuiwa, wewe unatuletea habari za mlango wa kizazi? Hebu tulijibu bila jazba.

Tunadai katiba mpya na tume huru ili iweje? Siyo ili sura zibadilike kwenye V8. Ni ili mwenye mamlaka amwogope mwananchi kiasi cha kumpelekea huduma kabla hajapigiwa kelele. Vifo 17 kwa siku vinavyozuilika ni ushahidi wa serikali isiyoogopa kuulizwa. Ukitaka kumweleza mama wa Nanyumbu kwa nini kura yake iheshimiwe, usianze na vifungu vya katiba. Anza na mdogo wake aliyekufa akivuja damu. Atakuelewa haraka kuliko hotuba zetu zote.

Na kwa makamanda wa kiume: sisi ndio tunakibeba kirusi hiki bila dalili, na hakuna kipimo cha kawaida cha kutupima. HPV pia huleta saratani ya uume, ya njia ya haja kubwa na ya koo. Tohara imeonyeshwa kwenye tafiti za Uganda na Afrika Kusini kupunguza hatari ya kuwa na HPV kwa mwanaume. Kwa hiyo tusiite hili "mambo ya akina mama." Mwanaume anayempa mkewe nauli ya kwenda kupima na kumwachia nafasi siku hiyo, bila maswali ya kijinga, amefanya siasa nzuri kuliko anayepiga kelele mtandaoni usiku kucha.

Tuanzie hapa

Dada, kama umefika miaka 30, nenda ukapime. Usisubiri dalili, kwa sababu mabadiliko ya awali hayana dalili. Kama unaishi na VVU, anza ukiwa na miaka 25, upime mara kwa mara zaidi, na ukienda kliniki kuchukua dawa uliza kuhusu kipimo hiki bila kusubiri uulizwe wewe. Na kwa umri wowote, ukiona damu baada ya tendo la ndoa, damu katikati ya mwezi, damu baada ya kukoma hedhi, au uchafu wenye harufu mbaya usioisha, usijitibu kwa mitishamba wala kwa dawa za duka la jirani. Nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Mpeleke na mama yako, maana yeye amerukwa zaidi yako.

Mwenye binti au mdogo wake wa miaka 9 hadi 14, ahakikishe amechanjwa. Wa shule na asiye wa shule. Wale walioacha shule, wanaouza karanga stendi na kufanya kazi za ndani, ndio wanaokosa zaidi, kwa sababu chanjo nyingi zinapitia darasani. Matawi yetu yanawajua watoto hawa kwa majina. Tuwataje kwa mhudumu wa afya wa mtaa.

Kisha twende kwenye vikao. Kila zahanati na kituo cha afya cha serikali kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi, na kila mtaa na kijiji una mkutano mkuu ambao kila mkazi mtu mzima ana haki ya kusimama na kuuliza. Hakuna kibali cha polisi kinachohitajika kuuliza swali kwenye mkutano wa kijiji chako. Ulizeni matatu tu: kituo chetu kimepima wanawake wangapi mwaka jana? Waliokutwa na tatizo walitibiwa wangapi? Mashine ya hospitali ya wilaya itaanza lini kupima HPV? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Mwaka ujao rudini na muhtasari huo mkononi, mwulizeni mtendaji mbele ya watu kilichobadilika.

Kirusi kimetupa miaka 15 ya notisi. Kwa aliyezaliwa 1997, sehemu kubwa ya notisi hiyo imeshatumika. Iliyobaki tusiiache ipite kwenye ahadi za majukwaani.

Nguvu ya umma ianzie kwenye uhai wa umma.